Sufuria ya Fatna

Fatna aliingia Kibra akiwa mjamzito, amejitwika sufuria ya shaba. Alikuwa ametembea nyuma ya askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, kutoka Uganda, akimfuata mumewe Murjan, ambaye cheo chake kilikuwa shawish, yaani sajenti. Sufuria ilikuwa ya mama yake, na mama yake naye aliibeba kutoka Sudan miaka ambayo Wanubi walihama na jeshi kambi hadi kambi. Ilikuwa kubwa, ingeweza kumpika mbuzi mzima, na ilihitaji watu wawili kuinuliwa ikiwa imejaa.

Serikali iliwaruhusu askari wazee kujenga katika msitu huo wa Kibra, nje ya mji wa Nairobi. Ruhusa yenyewe ilikuwa ya mdomo. Murjan akajenga Makina, humo Kibra, nyumba ya udongo yenye baraza, akapanda mahindi, akaanza kusema "kwetu". Fatna hakusema hivyo. Kila jioni alisugua sufuria kwa majivu, akaifunika kando ya mlango ikiwa tupu, mahali ambapo angeweza kuinyakua haraka.

"Wametuambia tukae," alimwambia mumewe. "Hawajatuambia mpaka lini."

Murjan alicheka. Miaka michache baadaye alienda vita vya Mjarumani na hakurudi, wala maiti yake haikurudi. Fatna alipika hitima ya mumewe katika sufuria ile, na tangu siku hiyo hakuna aliyezikwa wala kuolewa Makina bila watu kutumwa kwake kuiazima. Binti yake, Batul, aliyezaliwa miezi michache baada ya wao kufika, alikua akiiona ikitoka na kurudi. Mama yake alimwambia asiihesabu kuwa mali yake. Ilikuwa ya kila mwenye msiba na kila mwenye harusi.

Batul aliolewa akapata watoto wawili, Kaltuma na Yusuf, kisha mumewe akafa kwa homa. Kulima msitu hakukuwatosha. Mwanzoni mwa miaka ya thelathini alianza kufanya walivyofanya wajane wengine wa Kibra: akatengeneza pombe kali ya Kinubi, ile ya kuchemshwa na kukusanywa tone kwa tone. Chombo kizuri zaidi cha kazi hiyo kilikuwa ni kile cha shaba alichokuwa nacho. Mama yake alipoona sufuria ya hitima ikinuka pombe, alitoka akaenda kukaa kwa jirani mpaka jioni.

Kila asubuhi alikuja Makina mwanamke kijana Mkikuyu kutoka Kawangware, akiuza maziwa na viazi vitamu. Aliitwa Wamuyu, na kwa sababu alikuwa na mtoto wa kiume, Gichuru, watu walimwita Mama Gichuru. Alikuwa mcheshi. Akimaliza kuuza alikaa na Batul jikoni, na kwa kukaa hivyo miezi na miaka akajua Kinubi cha sokoni na cha jikoni, cha kutaja bei na kusema mchuzi umepungua chumvi. Mumewe, Naftaly, alikuwa msomaji wa Biblia katika kanisa la misheni kule kwao. Hakujua kwamba mkewe anakaa jikoni mwa watengeneza pombe.

Asubuhi moja mtu alipiga kelele kutoka upande wa Laini Saba kwamba polisi wameingia. Kila mtu alijua watakachofanya. Vyombo vya pombe walivitoboa kwa sururu, hata viwe vya nani. Batul aliipindua sufuria, pombe ikamwagika kwenye jivu, akabaki ameishika kwa kitambaa huku moshi ukimwingia machoni.

"Mama Gichuru, wataitoboa. Ni ya mama."

Wamuyu hakuuliza swali. Aliipoza kwa maji, akaitia viazi alivyokuwa hajauza, akavifunika kwa majani ya ndizi, akaifunga kwa mkanda wa ngozi wa kubebea mizigo na kuupitisha kwenye paji la uso. Akatoka ameinama chini ya mzigo. Batul alisimama mlangoni akamwona akikutana na askari wawili njiani. Mmoja alimsimamisha. Aliinua majani, akachukua kiazi, akakigeuzageuza mkononi. Kisha askari akatia kiazi mfukoni na kumwashiria Wamuyu apite.

Chupa zilizokuwa chini ya kitanda zilimfunga Batul miezi mitatu. Alipotoka alimwomba Wamuyu aendelee kuiweka sufuria, kwa sababu polisi sasa walikuwa wamelijua jiko lake na walikuja wakati wowote wapendao. Wakiwa na msiba wataiagiza. Wamuyu aliificha katika ghala la mahindi. Naftaly aliikuta humo, akainusa, akaelewa. Waligombana siku nyingi. Mwishowe alikubali ikae, mradi asijue mtu yeyote wa kanisa.

Kwa muda mrefu mpango huo ulifaa. Sufuria ilikuja Kibra mgongoni mwa Wamuyu ikiwa na viazi ndani, ikapika, ikarudi hivyo hivyo. Ilipika hitima ya Fatna mwenyewe. Wakati huo Batul alikuwa ameacha pombe na kuanza kushona mikeka, lakini hakuitaka sufuria irudi. Kulikuwa na uvumi kila mwaka kwamba Wanubi watahamishwa Kibra, na Batul, kama mama yake, alilala vizuri zaidi akijua kitu chao kimoja kiko nje ya Kibra.

Mambo yaliharibika mwaka wa 1948. Kaltuma alikuwa anaolewa, na Wamuyu, aliyekuwa mgonjwa, hakuja Kibra wiki mbili. Batul akaona aende mwenyewe. Alifika Kawangware Jumapili mchana, amevaa gurbaba lake, lile vazi la kujizungushia la wanawake wa Kinubi, lenye nakshi nyekundu. Akakuta uani kwa Naftaly wazee wa kanisa wameketi kwenye viti wakingoja chai. Hakufikiri. Alisalimu akasema amekuja kuchukua ile sufuria yake.

Mzee mmoja, Waithaka, akamgeukia Naftaly. "Sufuria gani hiyo ya Mnubi?"

Naftaly alikuwa karibu kufanywa mzee wa kanisa. Alimtazama Batul kama mtu ambaye hajawahi kumwona.

"Hapa hakuna sufuria ya pombe," alisema. "Mama, umepotea nyumba."

Wamuyu alikuwa mlangoni mwa jiko, ameshika vikombe. Batul alimwangalia. Alingoja neno moja tu. Wamuyu aliinamisha macho kwenye chai.

Kaltuma aliolewa kwa sufuria za kuazima, ndogo ndogo, na wali wa watu wa mwisho ukaja mbichi. Wanawake wa Makina waliuliza iliko sufuria ya Fatna. Wamuyu hakuja tena Kibra.

Miaka minne ikapita. Hali ya hatari ikatangazwa, na Yusuf, mtoto wa Batul, aliyekuwa ameingia Keya kama babu yake, akapelekwa milima ya Nyandarua kuwawinda watu wa msituni, Wakikuyu waliopigana na serikali. Barua hazikuja. Batul alikuwa akisikia lori likipunguza mwendo karibu na nyumba, anaacha alichoshika na kusimama. Likipita, anakaa tena. Siku nyingine alifanya hivyo mara nyingi mpaka Kaltuma, aliyeolewa nyumba ya jirani, akamwomba ahamie chumba cha nyuma.

Aprili ya 1954, katika mwezi wa Shaabani, alikuwa akiandaa hitima ya kumkumbuka baba yake. Asubuhi ile mji mzima ulizingirwa na majeshi, Wakikuyu wakawa wanakusanywa nyumba kwa nyumba. Wanawake wa jirani walikuja hata hivyo, kwa sababu mbuzi alikuwa ameshachinjwa na kila mmoja aliogopa kukaa peke yake. Walikuwa uani wakichagua mchele waliposikia sauti nyuma ya ua wa matete.

"Hodi, Mama Kaltuma."

Batul aliijua sauti kabla hajaona mtu. Wamuyu aliingia ameinama, mkanda kwenye paji, sufuria ya shaba mgongoni. Nguo yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Alikuwa amekuja kwa njia ya mtoni, akikwepa barabara ya Ngong.

"Hiyo ni nini?" Batul aliuliza.

"Ni sufuria yenu."

"Kwani si haiko? Mzee wako alisema haiko."

Wamuyu aliitua chini polepole. "Wamemchukua leo asubuhi. Walileta mtu amefunikwa gunia, unaona macho peke yake. Alimwangalia Naftaly, akatikisa kichwa kuwa ndiye. Wakamtupa kwa lori."

"Naftaly? Mtu wa kanisa?"

"Hawakuuliza. Na mimi wananitafuta. Ni kwa ajili ya Gichuru."

Batul aliuliza swali ambalo hakutaka kuliuliza.

"Gichuru ako wapi?"

"Sijui."

"Ako msituni?"

"Alitoka mwaka jana, akasema anatafuta kazi Limuru. Sijamwona tena. Ukinikata shingo sijui zaidi ya hapo."

"Yusuf wangu ako Nyandarua na bunduki."

"Najua."

"Unajua, na umekuja kwangu."

"Ningeenda kwa nani?" Wamuyu alisema. "Kwetu hakuna mlango ambao haujavunjwa."

Batul alikasirika mpaka akasikia masikio yakivuma. Alitaka kumwambia arudi alikotoka. Alifikiri juu ya Yusuf akivizia chini ya mianzi, na juu ya kijana mwingine upande wa pili wa mianzi hiyo hiyo, ambaye alipokuwa mdogo alikuwa akija na mama yake na kulala juu ya mikeka ya nyumba hii. Alifikiri pia juu ya Makina. Mtu akimficha Mkikuyu, hawatamfunga yeye tu. Wangesema Wanubi nao wameharibika, na nyumba ambazo hazikuwa na karatasi hata moja zingebomolewa kabla ya Ramadhani.

Honi ililia huko chini kwa reli. Malori.

"Kaltuma," Batul alisema, "leta gurbaba langu la kijani."

Kaltuma hakusogea. Alikuwa akimtazama Wamuyu kwa macho ya bibi harusi ambaye aibu yake haijaisha.

"Leta!"

Walimvua Wamuyu nguo yenye tope, wakaitumbukiza chini ya kuni. Masikio yake yalikuwa yametobolewa tangu usichana, ndewe zikining'inia kwa desturi ya Kikuyu, na hayo yangemtaja hata akinyamaza. Batul alimzungushia gurbaba, upindo wake akaufunga kichwani mpaka kidevuni, akaubana kwa nguvu mpaka Wamuyu akaguna. Wanawake wawili waliibandika sufuria kwenye mafiga, wakaitia maji na nyama. Batul aliwageukia wengine.

"Huyu ni wifi yangu kutoka Bombo," alisema, akitaja mji wa Wanubi wa Uganda.

Waliinamia mchele wao tena. Batul hakujua kama hiyo ilikuwa ndiyo au la.

Waliingia bila hodi: afisa Mzungu kijana, shingo imebabuka kwa jua, askari wawili, na nyuma yao mkalimani, mzee Abdelkarim, shawish mstaafu aliyeishi nyumba ya nne kutoka hapo. Askari waliingia ndani wakapindua vitanda. Afisa alizunguka uani akiwaangalia wanawake mmoja mmoja. Alifika kwa Wamuyu, akasimama.

Mikono ya Wamuyu haikuwa na kazi. Ilikuwa imelala mapajani, na watu wengine wote walikuwa wakifanya kitu. Batul aliliona hilo na hakuweza kusogea. Ndipo Kaltuma akainuka, akambwagia Wamuyu vitunguu na kisu.

"Shangazi, kata basi," alisema kwa Kinubi, kwa ukali. "Umekuja kutembea au kusaidia?"

Wamuyu akaanza kukata.

"Huyu nani?" afisa aliuliza kwa Kiswahili chake kibovu.

"Wifi yangu, effendi," Batul alijibu. "Ametoka Bombo, Uganda."

Afisa akamwambia Abdelkarim amhoji kwa lugha yao. Mzee alichuchumaa mbele ya Wamuyu. Alikuwa amenunua maziwa ya mwanamke huyu miaka kumi. Alimuuliza kwa Kinubi ni mtoto wa nani na amekuja lini.

Wamuyu hakuinua uso. Alijibu kwa Kinubi kwamba amekuja juzi na gari moshi, na kwamba nyama hii ni ngumu na chumvi haitoshi. Maneno yalikuwa sawa. Sauti haikuwa sawa. Yalitoka mdomoni mwake kama yanavyotoka kwa Mkikuyu, na kila mtu uani aliyasikia hivyo isipokuwa Mzungu.

Abdelkarim alibaki amechuchumaa. Maji yalianza kuchemka. Batul aliona mshipa ukipiga shingoni mwa mzee, akajua kwamba naye anahesabu: cheo chake, nyumba yake, vijana wake.

"Sema!" afisa alisema. "Yeye nasema nini?"

Abdelkarim aliinuka, akishika goti. "Anasema nyama inaungua, effendi, na sisi tumesimama kwenye moshi wake."

Afisa hakucheka. Aligonga sufuria kwa fimbo yake. "Hii ya pombe?"

"Ya hitima, effendi. Ya shawish Murjan wa Keya, aliyekufa vita vya Mjarumani. Huyu ni binti yake."

Kijana alimtazama Batul, akatazama tena gurbaba la kijani. Kisha akawaita askari wake, wakatoka kuelekea nyumba inayofuata, na sauti ya vitanda vikipinduliwa ikaanza huko.

Jioni, kabla ya maghribi, Abdelkarim alirudi peke yake. Alisimama nje ya ua, hakuingia.

"Batul, mimi sikuona mtu hapa. Wakikushika, nitaapa hivyo msikitini."

"Sawa, mzee."

"Na watarudi. Sijui watakuja na mkalimani gani."

Walirudi mara nyingi. Wamuyu alikaa Makina zaidi ya miaka mitatu, kwanza bila kuvuka ua, baadaye akiteka maji pamoja na wanawake wengine, siku zote amefunika masikio. Hakuna aliyemtaja. Lakini Batul hakuzoea. Kila alipoona watu wawili wakinong'onezana sokoni alihisi wanamsema yeye, akabadilisha njia. Kaltuma alimsemesha Wamuyu inapobidi tu, kuhusu kuni na maji.

Yusuf alikuja likizo mwaka wa pili. Alikuwa mzima, amekonda, anashtuka mlango ukigonga. Alimtambua Wamuyu mara moja, akaketi kungoja chakula. Mama yake alimwandalia chakula, lakini ni Wamuyu aliyekileta. Aliweka sinia, akapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, huko juu ulimwona Gichuru?"

Batul alikuwa mlangoni. Alitamani aliingilie neno hilo, alivunje, asilisikie jibu lake.

Yusuf aliangalia sinia. "Mama, huko mtu haoni sura za watu. Unapiga mahali majani yanapotikisika."

Aliinuka akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imegusa chakula. Wamuyu alibaki amepiga magoti. Baada ya Yusuf kurudi kambini Batul na Wamuyu hawakulizungumza jambo hilo, ingawa walilala chumba kimoja, na kila mmoja alijua mwenzake yu macho.

Naftaly aliachiliwa mwaka wa 1957 akiwa na kifua kibovu. Alikuta shamba lake limeshikwa na ndugu yake, Gachanja, ambaye alikuwa upande wa serikali, na hakuwa na pumzi ya kusimamia kesi ya kulidai. Akaja Kibra. Batul aliwapa chumba cha nyuma. Naftaly alimshukuru kwa adabu, akiangalia chini, na ile Jumapili ya wazee wa kanisa hakuitaja kamwe. Batul alimngojea aitaje, kisha akachoka kungoja.

Wakati huo wafungwa walikuwa wakirudi Kawangware mmoja mmoja, na kila nyumba iliyopata mtu wake ilitaka kupikia majirani. Watu walisikia kwa Wamuyu kwamba kwa Wanubi kuna sufuria kubwa. Wakaanza kutuma kuiazima. Wamuyu ndiye aliyeipeleka kila mara, kwa mkanda wa paji, kwa sababu kila mtu aliyerudi kutoka kambini alikuwa mtu wa kuulizwa. Alikaa jikoni mpaka wageni waondoke, kisha akamsogelea aliyerudi na kutaja jina la mtoto wake.

Batul alimngojea barazani siku hizo, mkeka mapajani, asishone. Aliogopa Wamuyu arudi bila habari. Aliogopa zaidi arudi na habari, na ndani ya habari kuwe na askari Mnubi.

Mchana mmoja Wamuyu alirudi akitembea haraka kuliko kawaida. Alitua sufuria, akakaa kwenye ukingo wa baraza bila kuvua mkanda.

"Kuna mtu wa Kabiro, anaitwa Muigai. Alikuwa kifungoni Manyani. Amesema alimwona."

"Wapi?"

"Kinangop, huko huko Nyandarua. Walilala pango moja. Alikuwa na kidonda mguuni, lakini alikuwa anacheka."

"Halafu?" Batul aliuliza.

"Halafu walitawanyika. Walipigwa risasi, wakatawanyika, kila mtu njia yake. Muigai hajui zaidi."

"Nani aliwapiga?"

Wamuyu alimgeukia. Walitazamana, na Batul akaona kwamba swali hilo mwenzake amelibeba njia nzima kutoka Kawangware.

"Sikumuuliza," Wamuyu alisema.

Akavua mkanda, akavuta sufuria katikati ya miguu, akachota jivu. Batul aliweka mkeka kando akaja kushika upande wa pili. Walisugua mpaka Naftaly akakohoa ndani na kuomba maji.

"Alhamisi kuna nyumba nyingine," Wamuyu alisema akiinuka kumpelekea. "Mtu ametoka kambi ya Mackinnon Road."

"Nitakuja na wewe," Batul alisema. "Tutapokezana sufuria."